Kitu Ambacho Komeo Hakukitoa

Siku tuliyomzika mdogo wangu walikuja watu watatu ambao hakuna mtu wa nyumbani aliyewajua. Walisimama nyuma ya wengine, karibu na ukuta wa makaburi. Jeneza lilipoanza kushushwa wakainua mkono wa kulia wote kwa pamoja, viganja wazi, wakausukuma mbele polepole kama mtu anayesukuma mlango mzito. Kisha wakashusha mikono na kuinamisha vichwa.

Shangazi alinibana kiwiko. "Wale wanasukuma nini?"

"Sijui, shangazi."

"Hukuwaona? Wamesukuma kitu."

"Nimewaona. Sijui."

Shangazi ni mtu ambaye jambo likimkaa kooni halimezi, hulitema. Kabla hatujatoka makaburini alikuwa ameshawanong'oneza wajomba kwamba marehemu alikuwa na dini ya siri. Mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Mdogo wangu alikuwa fundi vitasa. Alifunga na kufungua milango ya watu mji mzima, na mtu wa kazi ile hujuana na kila aina ya binadamu. Nikadhani ni wateja.

Aliugua ghafla. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa ofisi moja, bisibisi mkononi, akamwambia mlinzi kichwa kinamuuma, akakiegemeza mlangoni. Hospitali tulikaa naye siku chache tu. Tulikuwa wawili kwa mama, na mama alitangulia zamani, mdogo wangu akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Nilimlea mimi. Nasema hivyo ili kieleweke kilichonikuta baadaye.

Watu walipoanza kutawanyika wale watatu walinijia. Mbele alikuwa mwanamume mnene mwenye wino mweusi chini ya kucha. Nyuma yake mwanamke aliyevaa viatu vyeupe vya kazini, na kijana mwembamba wa miwani.

"Pole sana," alisema yule mnene. "Wewe ni nani wake?"

"Ni dada yake."

Walitazamana. Mwanamke akaweka mkono mdomoni. "Dada? Alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye," nikasema. "Ndiye huyu."

"Tusamehe," akasema yule wa miwani. "Tumekuwa naye kila Jumamosi miaka yote hii. Tunajua alivyopata lile kovu la goti. Tunajua mama yenu alivyokuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia chumbani, ili msishtuke gizani. Dada hakumtaja hata siku moja."

Kikohozi cha mama kilikuwa chetu wawili. Sikuwahi kumwambia mtu, wala sikudhani ni kitu cha kuambiwa watu. Na huyu mgeni alikuwa nacho mdomoni kama habari za mvua.

Yule mnene alinielekeza kwake. Alikuwa na duka la kuchapisha, kadi na mabango, mtaa wa nyuma ya benki. Akasema nikiweza nifike Jumamosi mchana, kuna jambo la mdogo wangu halijaisha, na wao hawana ruhusa ya kulimaliza peke yao.

Wiki ile nilirudi kazini. Napiga pasi kwa dobi mmoja, mashati zaidi, na suruali za maofisini. Ukiishika kazi ile vizuri kichwa hubaki huru: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, kifua mwisho. Kichwa changu kilikuwa huru kupita kiasi. Kila shati nililolitandika nilijiuliza swali lile lile. Aliwaambia watu wa nje mambo ya mama, mambo ya goti, mambo ya nyumba yetu. Mimi hakunitaja. Kwa nini? Nikajibu mwenyewe, na jibu lilikuwa chungu: labda alinionea haya. Fundi anayeingia maofisi ya watu wakubwa, dada yake yuko nyuma ya pazia la dobi ananyoosha suruali za hao hao wakubwa.

Ijumaa nilimwambia shangazi kwamba ninakwenda.

"Nenda," akasema. "Ila usinywe kitu chao. Wala usivue viatu."

"Viatu vina nini?"

"Wewe usivue tu."

Duka la Mchapaji lilinuka wino na karatasi mpya. Mbele kulikuwa na mashine mbili na rundo la kadi za mwaliko zikisubiri kukunjwa. Nyuma, baada ya mashine ya kukatia karatasi iliyofunikwa turubai, kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, na ndani yake meza ambayo haikuwa meza. Ulikuwa mlango wa mbao, umelazwa juu ya makreti, na tundu la kitasa bado lipo.

"Aliuleta yeye," alisema Mchapaji. "Alisema mteja ameutupa. Karibu, dada. Hapa mimi naitwa Mwenye Meza. Huyu ni Muuguzi, yule ni Mwalimu, anafundisha hesabu. Ndizo kazi zetu, na tumeitana hivyo mpaka majina yetu tumeshayasahau."

Kwenye mlango ule walikuwa wamesimama watu wadogo watatu wa chuma, kila mmoja kama kidole kidogo. Nilipokaribia niliona wamechongwa kwa tupa kutoka kwenye funguo za zamani. Mkono ule niliujua. Mdogo wangu alikuwa akinichongea vipini vya nywele vya namna ile.

Muuguzi alinivutia kiti. "Kaa, dada. Chai?"

"Hapana, asante," nikasema upesi mno, akanitazama.

Walianza kunieleza, na naungama kwamba kwa muda mrefu sikuelewa kitu. Walizungumza kwa kupokezana, mmoja akimkata mwingine kauli. Walichokuwa wakifanya kila Jumamosi ni mchezo. Hauna ubao wala karata. Mwenye Meza anasimulia nchi ambayo haipo, na wengine kila mmoja ana mpiganaji wake ndani ya nchi hiyo. Mwenye Meza anasema kinachowakuta, wao wanasema wanafanya nini. Penye mashaka, dadu inaamua. Dadu yenyewe ilikuwa na pande ishirini, sikuwahi kuona kitu kama hicho.

"Mnachezea pesa?" nikauliza.

"Hatuchezei pesa," alisema Mwalimu.

"Mnachezea nini, basi?"

Muuguzi akacheka. "Mume wangu ameuliza hilo hilo miaka minne."

Kila mpiganaji alikuwa na mtindo wake wa kupigana, na mitindo hiyo haikuwa ya mwili peke yake. Muuguzi alikuwa na Mtindo wa Moshi: ukimpiga ngumi unakuta pale alipokuwa pamebaki joto tu. Mwalimu alikuwa na Mtindo wa Jiwe Linalosikia: anasimama pekupeku na kuisikia ngumi ardhini kabla mwenye ngumi hajaamua kuitupa. Niliposikia pekupeku nilivikumbuka viatu vyangu, nikaivuta miguu chini ya kiti.

Na mdogo wangu alikuwa na mpiganaji aitwaye Komeo. Mtindo wake ulikuwa wa Mlango Wazi. Aliposimama na kufungua kiganja, mahali pale palikuwa mlango. Wabaya wangeweza kupiga kiganja kile kwa magogo na wasipite. Rafiki zake walipita katikati ya kifua chake kama watu wanaopita ukumbini, wakatokea upande wa pili bila mkwaruzo.

"Ndicho mlichosukuma kule makaburini?" nikauliza.

"Ndicho," akasema Mwenye Meza. "Tulimfungulia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikauliza swali lililonileta. "Mambo ya mama mmeyajuaje?"

Mwenye Meza akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja bei ya karatasi nzito. Mitindo ile haikuwa ya bure. Ukitaka nguvu ambayo mwili hauna, lazima utoe kitu ulicho nacho. Mpiganaji anatoa kumbukumbu. Mchezaji anaisimulia hapa mezani mpaka kila mtu aione, na akishamaliza, mpiganaji wake hana tena kitu hicho. Kinabebwa na waliosikia.

"Na kumbukumbu lazima iwe ya kweli," Mwalimu akaongeza. "Mpiganaji ni wa kubuni. Anachotoa si cha kubuni. Hiyo ilikuwa sheria ya mdogo wako. Sisi tulitaka mchezo mwepesi."

"Wewe ulitaka wa bei nafuu," alisema Muuguzi. "Dada, huyu alitoa viatu vyake vya kidato cha kwanza mara mbili."

"Zilikuwa jozi mbili!"

"Jozi mbili za viatu kidato cha kwanza? Baba yako alikuwa waziri?"

Nilijikuta nimetabasamu, mara ya kwanza tangu hospitali, na tabasamu likaniudhi.

"Komeo alitoa nyingi," akaendelea Mwenye Meza. "Alitoa goti. Alitoa harufu ya nyumba yenu mvua ikianza. Siku tulipozingirwa kwenye daraja alitoa kikohozi cha mama. Sote tulilia siku ile, hata Mwalimu, aliyesema ni vumbi la karatasi. Kila alipobanwa sana nilimwuliza: Komeo, kimebaki nini? Alisema kipo kimoja, lakini hicho hakitoki."

"Sisi hatukujua ni nini," alisema Muuguzi. "Mimi nilidhani amewahi kufungwa jela."

"Mimi nilidhani ni mwanamke," alisema Mwalimu.

"Mpaka makaburini," alisema Mwenye Meza, "uliposema wewe ni nani."

Ilinichukua muda. Ninajua mwingine angeelewa mara moja, lakini mimi nilikuwa nimekaa wiki nzima na jibu langu chungu, na nilikuwa nimelizoea. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: kutajwa mezani pale ni kutolewa. Alichokitaja kilimtoka Komeo. Kwa hiyo kitu ambacho hakutaka Komeo akipoteze hakukitaja, hata kwa bahati mbaya, hata wakati wa kunywa chai. Niliitazama ile meza ya mlango nikaona aibu, na furaha, na hasira kwamba hakuniambia mimi. Vyote vilikuja pamoja na sikujua nishike kipi.

"Sasa mnataka nini kwangu?"

Mwenye Meza alimsogeza yule mtu wa chuma wa katikati mpaka kwenye tundu la kitasa. "Komeo yuko hapa. Hili ni lango la mji. Wenzake wameshapita. Mbele yake kuna jeshi la Wasio na Uso, linapiga kiganja chake. Akikifunga, linampitia juu na kuwafikia hawa wawili. Akitaka kulisukuma jeshi nyuma na yeye mwenyewe apite, anahitaji pigo moja la mwisho la Mlango Wazi. Mara ya mwisho alipokuja nilimwuliza, unatoa nini? Na kilikuwa kimebaki kile kimoja."

"Akasema nini?"

"Siku zote alikuwa akisema hapana. Siku ile alisema, ngojeni Jumamosi ijayo, nifikirie."

Jumamosi hiyo ndiyo hakufika.

Kwao kulikuwa na desturi: mpiganaji hafi kwa sababu mwenyewe hayupo. Mchezaji akishindwa kuja, mtu wa nyumbani kwake ndiye anayetupa dadu. Ilishatokea. Mwalimu alipolazwa, mke wake alikuja badala yake.

"Akaniua," alisema Mwalimu. "Akatupa mbili, akauliza ndiyo imekwisha, akaondoka na mwavuli wangu."

"Na kama sitaki kutupa?"

"Anabaki pale," akasema Mwenye Meza. "Wanapiga, yeye ameshika."

"Tulijaribu kumwacha," alisema Muuguzi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tulikutana Jumamosi iliyopita tukaanza hadithi nyingine kabisa, ya baharini. Haikwenda. Kila mtu anamsikia pale langoni. Mimi niko zamu hospitali, namsikia."

"Nikitupa vibaya?"

"Anaanguka."

"Anakufa?"

Muuguzi akanigusa mkono. "Dada, ni mchezo."

"Najua ni mchezo," nikasema. Nikamtazama yule mtu wa chuma kwenye tundu la kitasa. Nilijua kabisa kwamba kile ni kipande cha ufunguo. Nilijua mdogo wangu yuko wapi, nilimwona akifukiwa. Na bado nilikuwa ninaogopa atakufa.

Nikafanya kama ninavyofanya na mwiba: upesi, bila kufikiri. Niliichukua ile dadu na kuitupa.

Ikazunguka juu ya mbao, ikagonga makali ya tundu, ikatulia. Mwalimu aliruka nusu kutoka kitini. Ilikuwa ishirini.

"Ni nzuri?" nikauliza.

"Hakuna inayozidi," alisema, na akakaa tena polepole. Hakuna aliyeshangilia.

"Sasa mbona mmenuna?"

"Dada," alisema Mwenye Meza, "hukutoa kitu. Dadu iliyotupwa kabla ya kutoa haina mdomo."

Damu ilinipanda. "Mtu wenu amekufa, na ninyi mnanisomea sheria?"

"Sheria ni yake."

"Iwe ya nani! Ishirini si ishirini?"

"Mpe," alisema Muuguzi. "Mwenye Meza, mpe. Nani atajua?"

Mwenye Meza alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Nilimwona ni mtu mwema aliyebanwa. "Wewe ndiye wa nyumbani kwake," akaniambia. "Ukisema tuihesabu, naihesabu. Komeo anapita na kila kitu chake. Sitasema neno, na hawa hawatasema."

Nadhani kila mtu atakayesoma hapa atasema ningekubali. Na mimi nilitaka kukubali, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilikaa na mdogo wangu miaka mingi, na alikuwa mtu wa kukijaribu kitasa tena na tena baada ya kukifunga, hata cha choo chetu, mpaka nampigia kelele. Nikawatazama wale watatu. Kila Jumamosi wangecheza na Komeo ambaye wanajua moyoni hakupona. Wangemheshimu kwa ajili yangu. Wangemchukulia kama mgonjwa ambaye hakuna anayemwambia ukweli.

"Msiihesabu," nikasema.

Muuguzi alivuta pumzi. "Kuna njia nyingine pia. Aanguke nacho. Asitoe. Labda ndivyo alivyotaka."

"Alitaka nini?"

"Hakusema."

Hapo ndipo penyewe. Alisema atafikiria, na aliyoyafikiria ameenda nayo. Labda aliamua kunitoa. Labda aliamua Komeo afie langoni nami nikiwa ndani yake. Nilijaribu kumsikia na sikusikia kitu, ila mashine ya jirani ikinguruma nyuma ya ukuta. Nilijiambia, ikiwa ataanguka, ataanguka ananijua. Halafu nikajiambia, mwanamke wewe, umekaa wodini ukiomba aamke hata kama hatakutambua. Uliomba hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Sasa unaulizwa tena, na safari hii kuna anayesikiliza.

"Ninatoa," nikasema. "Nifanyeje?"

"Simulia," alisema Mwenye Meza. "Kitu kimoja chenye wewe na yeye ndani. Kikishatoka, dada anatoka."

Si mtu wa kusimulia mimi, niliwaambia, kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu kwa dobi. Nilianza vibaya, nikaanza upya. Niliwaambia kwamba nyumba yetu ilikuwa na stoo ndogo, na mlango wake ulikuwa na tabia ya kujibana. Siku moja mama yuko kazini, mdogo wangu aliingia kumfuata paka, upepo ukaupiga mlango, kitasa kikakatika ndani. Mimi nilikuwa na umri wa kujua kupika uji lakini si wa kufungua kitasa. Alilia mpaka sauti ikamwisha. Chini ya mlango kulikuwa na upenyo. Nilimwambia apitishe vidole, akavipitisha, vinne, vyenye vumbi, nikavishika. Nikamwambia kila kinachopita nje. Kuku amepita. Jirani amepita, amebeba ndoo, amekasirika. Jua limefika kwenye ngazi. Vya kupita vilipokwisha nikabuni vya uongo, nikamletea tembo, nikamletea gari la zimamoto. Akaacha kulia, akaanza kuuliza maswali. "Tembo ana ukali?" Hana. "Anataka nini?" Amekuja kukuuliza hali. Tulikaa hivyo hadi mama aliporudi na kumwita fundi, na fundi alipoufungua mlango tulimkuta amelala, kifudifudi, mkono bado umenyooka kuja kwangu. Yule fundi akampa kitasa kilichokatika achezee.

Nilipomaliza Mwalimu alikuwa amevua miwani. Hakusema habari za vumbi.

Nataka kuandika kitu hapa, ndiyo sababu hasa ya kuandika yote haya. Tangu siku ile nikiikumbuka stoo sioni vidole peke yake. Naona pia uso wa Muuguzi, na mashine iliyofunikwa turubai. Sijui kama ninachokumbuka ni stoo au ni kuisimulia stoo. Kuku alikuwepo kweli? Nadhani alikuwepo. Naogopa isije ikawa na mimi nimetoa kitu pale. Hivyo naiandika, nikiwa bado na uhakika na vile vidole.

"Dada ametolewa," alisema Mwenye Meza, kwa sauti ambayo haikuwa ya dukani. "Tupa."

"Natakiwa nipate ngapi?"

"Kumi na mbili, au zaidi."

Safari hii sikuitupa upesi. Niliishika mpaka ikapata joto. Nikaiachia, ikazunguka, nikafumba macho kama mjinga.

"Kumi na nne," alisema Mwalimu. Akarudia, "Kumi na nne," sauti ikamkatika katikati.

Muuguzi alinikumbatia kiti na vyote. Mwenye Meza alikuwa ameshaanza kusimulia, mikono yake mikubwa yenye wino ikipanda hewani: lango linatoa sauti kama ukuni unaopasuka, kiganja cha Komeo kinafunguka mpaka hakuna kiganja tena, ni nafasi tupu yenye mwanga, na Wasio na Uso wanarudishwa nyuma safu kwa safu kama majani mbele ya ufagio, na lango linajifunga lenyewe, na mtu mmoja amebaki upande wa ndani, amesimama, anahema. Nililia. Nilikuwa na furaha, nikijiuliza furaha ya nini. Nilikuwa nimeokoa kipande cha ufunguo, na kipande chenyewe hakinijui.

"Kwa hiyo Komeo sasa hana dada," alisema Mwalimu, kwa sababu ni mtu wa kumalizia hesabu. Nilisikia Muuguzi akimpiga teke chini ya meza.

"Acha," nikasema. "Ndivyo ilivyo."

Mwenye Meza alifuta uso kwa kofia, akanigeukia. "Amepita. Anafanya nini?"

Wote walinitazama. Nikageuka nyuma kuona wanamtazama nani.

"Mimi?"

"Wewe ndiye umemshika."

"Mimi sijui kupigana."

"Hakuna anayepigana sasa. Lango limefungwa. Anafanya nini?"

Nilifikiri. Mtu ametoka mahali pagumu, hana mama, hana nyumba, hana harufu ya mvua, na sasa hana hata mimi. Angefanya nini mtu huyo?

"Anawatafuta wenzake," nikasema.

"Tupo hapa!" Muuguzi alidakia, kana kwamba alikuwa akingoja aitwe. "Tumekaa chini ya ukuta. Mimi nimeumia mguu."

"Wapi?" nikamuuliza.

"Hapa, juu ya kifundo."

"Anakuja kuutazama," nikasema.

"Anatujua?" aliuliza Mwalimu.

"Ninyi anawajua," nikasema. "Ninyi wote anawajua."

Ilikuwa ngumu kuisema, na ilipotoka ikawa kweli. Kisha Mwalimu, ambaye nimekuja kumpenda kama ndugu lakini hana breki, akauliza: "Na akikutana na mwanamke njiani? Tuseme amebeba nguo za watu kichwani?"

"Atamsalimia."

"Basi?"

"Atamsalimia vizuri, aende zake. Na mwanamke ataitikia."

Mwenye Meza aliitikia kwa kichwa. Akasukuma kadi za mwaliko zilizokuwa pembeni ili apate nafasi, na kwa kidole chenye wino akachora hewani juu ya mbao. "Barabara inagawanyika hapa. Hii inapanda mlimani. Hii inashuka mtoni. Jua linaanza kushuka, na mguu wa huyu hauendi mbali. Komeo anashika ipi?"

Sikujua hata moja inakwenda wapi. Nikasogeza kiti karibu na ule mlango, nikamwambia anieleze kwanza mtoni kuna nini.